Jointi ya waya wa pampu ya kisima imeingiza maji, nifungeje?

Wakuu habari. Kisima changu kipo Dodoma, mita 90, pampu ya kuzama hp 1.5, fezi moja. Nikiwasha tu, breka inakata. Tumeivuta juu (watu watano, migongo bado inauma), tukakuta jointi ya waya imefungwa solotepu ya kawaida, ndani imelowa. Kwa mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja, namba kubwa ndiyo nzuri), mota peke yake inasoma megaomu 50. Pamoja na waya, haifiki hata 1. Fundi anataka kurudishia solotepu! Mimi nafikiria mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, au rezini (gundi ya kumimina inayoganda ngumu). Kipi kinadumu majini? Halafu waya wa arthi ulikatiwa juu, na bomba ni la plastiki. Nikichimbia fimbo ya shaba pale kisimani inatosha, au lazima arthi ishuke hadi kwenye mota?