Tupeane uzoefu: siku ya kura ilikukuta hujajiandaa?

Nyota ya Asubuhi
Wapendwa, jana nilipita nje ya ofisi ya eneobunge nikaona vijana kama sita wamesimama, wanajiandikisha kura. Mmoja ameshika kitambulisho kipya kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Nikakumbuka yangu ya 2022, na usingizi ukanipaa.

Kipande changu, yaani kitambulisho, kilipotelea kwenye matatu mwezi wa sita. Nikajiambia pasipoti ninayo, ni ya serikali hiyo hiyo, ina picha yangu, shida iko wapi? Tarehe 9 Agosti, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, nikawa kituoni saa kumi alfajiri na leso begani. Kufika mbele ni saa tatu kasorobo. Karani akaigeuzageuza ile pasipoti, akaniuliza kwa upole, "Dada, ulijiandikisha kwa hii?" Nikasema la, kwa kitambulisho. Akaniambia hati inayotakiwa ni ile ile uliyojiandikisha nayo. Nikamwonyesha na karatasi ya kusubiri kitambulisho. Nayo haifai. Nikatoka, nikapita kando ya foleni yote niliyoipanga tangu usiku, watu wanatazama kidole changu hakina wino.

Karani hakukosea. Miezi miwili mizima nilikuwa nayo ya kuomba kitambulisho kingine mapema na kukifuatilia, na nikaiacha ipite. Sasa tunaelekea uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Wewe yalikukuta yapi? Tupeane uzoefu, labda tutamwokoa mtu.

Kipepeo
Dada, umenigusa. Mimi pia, kitambulisho. Sina la kuongeza.

Msafiri wa Usiku
Langu ni la foleni. Kituo chetu ni shule kubwa, wapiga kura wamegawanywa kwa mikondo, kila darasa na watu wake kwa mpangilio wa herufi za majina. Mimi hayo sikuyajua. Niliona foleni ina majirani zangu, nikaingia, stori zikanoga. Saa nne baadaye nafika mlangoni, naambiwa jina langu liko darasa lile karibu na lango, kule kwingine kabisa. Nilikuwa nimelipita asubuhi na karatasi za majina zimebandikwa ukutani. Nikaanza upya nyuma ya watu waliokuja baada ya chakula cha mchana. Kura nilipiga, lakini magoti yalinilaumu wiki nzima.

Karani wa Zamani
Nimefanya kazi ya ukarani chaguzi mbili, na huyu Msafiri nimemwona mara mia, sura tofauti tu. Sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila mkondo, ndiyo maana shule moja inaweza kuwa na mikondo mingi. Kabla hujapanga mstari popote, soma orodha iliyobandikwa mlangoni. 2022 ulikuwa pia unaweza kutuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe mfupi kwenda 70000, ukajibiwa umeandikishwa wapi. Watu walituma wiki ya mwisho. Ukigundua wiki ya mwisho kwamba jina liko mahali pengine, umegundua tu, hakuna utakalobadilisha. Kuhamisha kura kunatakiwa kuombwa siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi, na kujiandikisha kwenyewe kunafungwa siku 60 kabla. Hesabuni nyuma kutoka tarehe 10 Agosti muone. Kuhamisha ni kabla katikati ya mwezi wa tano, kujiandikisha ni mapema mwezi wa sita. Msiseme hamkuambiwa.

Mkulima Mbishi
Na mnaoishi mjini mhamishe kura zenu mzirudishe nyumbani. Barabara ya kwa mamako nani ataichagulia kiongozi?

Mpangaji
Kaka, mimi nyumbani nakwenda Krismasi tu. Takataka zinazooza mlangoni kwangu ni za wadi ya huku. Shule ya watoto wangu iko kaunti ya huku. Nimchague mwakilishi wadi wa mahali ninapolala siku tano kwa mwaka? Huko nyumbani waliopo wanajua wanayemtaka kuliko mimi.

Mkulima Mbishi
Siku utakapozikwa utazikwa wadi gani?

Mpangaji
Kabla sijazikwa naishi.

Mama Subira
Wanangu, mmoja ana mama kijijini, mwingine ana watoto mjini, na wote wawili mna haki. Mimi mume wangu alipiga kura kijijini miaka yote, na 2022 nauli ilimshinda akabaki nyumbani hana kura ya huku wala ya kule. Hilo ndilo la kujiuliza: tarehe 10 Agosti mwili wako utakuwa wapi? Ikiwa huna hakika ya kusafiri, usiiweke kura yako mbali na wewe.

Mwana wa Kisauni
Mama Subira umenena. Mie nilisafiri na bado nilipungukiwa. Nilikuwa nafanya kazi Malindi, nikarudi Mombasa usiku wa tarehe 8 Agosti 2022. Usiku huo huo ndio habari zikaenea kwamba kura ya gavana imeahirishwa, Mombasa na Kakamega. Viti vya ubunge vinne navyo vikaahirishwa: Kitui Rural, Kacheliba, Pokot South na Rongai. Karatasi zilikuwa zimetoka na makosa ya picha na maelezo. Asubuhi nikapiga kura tano badala ya sita. Ya gavana ikaja kupigwa tarehe 29 Agosti, na mimi nishaomba ruhusa mara moja kazini, siwezi kuomba tena. Wallahi nilikaa Malindi siku ile natazama saa. Tangu hapo naweka akiba ya nauli ya safari mbili, si moja. Na nimemwambia mwajiri mapema kabisa.

Kipepeo
Hata 2017 tulirudi debeni. Agosti 8, kisha Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais Septemba 1, tukapiga tena Oktoba 26. Hiyo akiba ya nauli mbili ina maana.

Mzee wa Busara Mpya
Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Jioni ya kura tunakula, anatuambia kwa fahari kwamba chini ya karatasi ya urais ameandika jina lake na namba ya kitambulisho, wasije wakasema si yake. Hakuna aliyeweza kumeza. Ndugu yangu ndiye aliyemwambia: alama yoyote ya kumtambulisha mpiga kura inaiharibu kura. Baba alinyamaza, akaondoka mezani. Tulikuwa tumempeleka kituoni kwa gari, tumembebea kiti na maji, na hakuna aliyekaa naye dakika tano kumwonyesha karatasi inavyojazwa. 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Kila nikiiona namba hiyo naona kalamu ya baba.

Karani wa Zamani
Pole sana, ndugu. Alama moja, ndani ya kisanduku cha mtu mmoja, basi. Na ukikosea usiitumbukize karatasi. Irudishe kwa msimamizi wa kituo upewe nyingine, hiyo ni haki yako. Wengi huona aibu, wakatumbukiza kura iliyoharibika huku wakijua.

Mama Mapacha
Sikutaka kuandika, lakini ya huyo mzee yamenifungua.

Mama yangu mzazi haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho la kulia, kisha la kushoto, na tangu 2019 ni giza. 2022 alikuwa na miaka 82. Mimi nimeandikishwa Nairobi na sikuweza kuwa mahali pawili, kwa hivyo nilimkabidhi mwanangu wa kiume, mmoja wa mapacha, ampeleke nyanya yake. Kijana mwaminifu, anayemsomea hata barua za kanisa. Walifanya mazoezi. Nyanya anamtajia chaguo lake, kijana anaonyesha kwa kidole, nyanya anarudia. Walipangilia karatasi zote sita.

Nilisahau kitu kimoja. Msaidizi lazima awe ametimiza miaka 18. Mwanangu alikuwa na 17 na miezi kumi.

Msimamizi wa kituo aliwaeleza kwa heshima. Kama hakuna mtu mwingine wa kuaminika, yeye mwenyewe atamsaidia mama, lakini mbele ya mawakala wa wagombea, ndivyo sheria ilivyo. Mwanangu akatolewa nje. Mama akabaki ameketi kwenye kiti cha darasa la watoto, wamemzunguka watu asiowaona, akaulizwa, "Mama, unampa nani urais?" Akanyamaza. Akaulizwa tena. Ikabidi aseme kwa mdomo. Mara sita. Na mmoja wa wale mawakala alikuwa mtoto wa jirani yetu, mama alimtambua kwa kikohozi.

Kabla ya jua kuzama soko zima lilikuwa linajua nyanya amempa nani. Hakuna aliyemtukana. Lakini kuna mama mmoja wa kikundi chao hakumsalimu hadi Krismasi.

Nilipopiga simu usiku alikuwa ametulia kabisa, na utulivu huo ndio ulioniuma. Akaniambia, "Mwanangu, mlolongo umerudi." Mlio wadogo hamjui: 1988 watu walichagua kwa kusimama nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, na chifu anatazama nani yuko wapi. Mama alisimama foleni ile akiwa na watoto watano na hofu. Kura ya siri iliporudi alisema hataitoa tena sauti yake nje. Aliitoa 2022, na haikuwa kwa kulazimishwa na mtu. Ilikuwa kwa sababu mimi bintiye sikuuliza swali moja mapema.

Kipepeo
Nimesoma mara mbili. Sina maneno.

Mpangaji
Mama Mapacha, pole. Nami nina mjomba asiyeona. Swali: mtu mmoja anaweza kusaidia wawili, tuseme mjomba na mkewe?

Msafiri wa Usiku
Anaweza, mbona kwetu binamu yangu aliwasaidia wazee watatu.

Karani wa Zamani
Hapana. Msaidizi ni wa mpiga kura mmoja tu, na anajaza fomu ya kiapo cha kutunza siri. Binamu yako kama alifanya hivyo, alipitishwa kimakosa, msimwige. Mpangaji, tafuta watu wawili, wenye miaka 18, na wawe watu ambao wazee wenyewe wamewachagua.

Msafiri wa Usiku
Mimi nasema niliyoyaona kwa macho.

Karani wa Zamani
Na mimi nakueleza utakayoulizwa mlangoni.

Mama wa Mtoto Mchanga
Naomba niingilie. Kuna mengine ya heri. 2017 nilikwenda na mtoto wa miezi minne, nikapelekwa mbele bila hata kuomba. Wajawazito, wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga hupewa nafasi. Wakampaka na mtoto wangu wino kidoleni. Nilishtuka, nikaambiwa kuna watu wanaazimana watoto ili waruke foleni, kwa hivyo kila mtoto awekwe alama.

Mkulima Mbishi
Kwetu walipita na mtoto yule yule wanawake watatu. Niliwahesabu. Sisi tumesimama tangu alfajiri.

Mama wa Mtoto Mchanga
Basi hasira yako ipeleke kwa hao watatu. Mtoto wangu alikuwa wangu.

Mkulima Mbishi
Sijakusema wewe, dada. Samahani. Nilisimama na mguu mbovu siku ile.

Mama Subira
Na mguu mbovu ungesema pia, mwanangu, ungepewa nafasi. Mwanaume wa Kenya atakufa foleni kabla ya kusema anaumwa.

Mwana wa Kisauni
Haya, mwende saa ngapi? Mie nasema mapema mno. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, uwe pale saa kumi.

Mpangaji
Mimi huenda saa nane mchana, foleni imekatika, napiga kura kwa nusu saa.

Nyota ya Asubuhi
Na siku mashine ya kutambua wapiga kura ikisumbua hiyo saa nane?

Karani wa Zamani
Kituo hufungwa saa kumi na moja jioni, ila aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo hupiga kura. Usitoke mstarini hata kwa maji. Na simu ikae mfukoni, usipige picha karatasi yako kumpelekea mtu yeyote. Ukiona mtu amekuahidi pesa kwa picha hiyo, huyo hakununui kura tu, anakununulia na kesi.

Mzee wa Busara Mpya
Mama Mapacha, samahani kurudi nyuma. Nyanya bado yupo? Na 2027 atakwenda na nani?

Mama Mapacha
Yupo, ashukuriwe Mungu. 2027 atakuwa na 87. Kijana atakuwa na 22, kitambulisho chake anacho, amejiandikisha kituo kimoja na nyanya yake, na fomu ya msaidizi anaijua kuliko mimi. Wameshaanza mazoezi. Nyanya amekariri karatasi kwa rangi za 2022, nyeupe ya rais, buluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa kike, na ile ya rangi ya mchanga ya mwakilishi wadi, ingawa rangi zenyewe hazioni. Wagombea bado hawajulikani, kwa hivyo kijana humsomea majina ya majirani na ya mbuzi wao. Jumapili nilikuwa jikoni nikamsikia akimuuliza, "Siku hiyo utanisomea majina yote, ama yale unayoyapenda wewe?" Kijana akajibu, "Yote, nyanya." Akamwambia, "Basi anza tena, na usiharakishe."