Sura ni yangu, mwili si wangu. Naiondoaje?

Habari wakuu. Nauza vitenge Mwanza. Mtu kachukua picha yangu ya send-off ya mdogo wangu, kabandika sura yangu kwenye mwili wa uchi kwa akili mnemba. Hereni ni zangu kabisa, ila mkono una vidole sita! Iko Facebook, na ukigugo jina langu inatokea. Mama mkwe kaiona. Naanzia wapi?

Jibu: Pole sana dada. Usianze kufuta. Piga skrinishoti, linki na jina la akaunti vionekane. Kisha ingia StopNCII.org, tovuti ya kuzuia picha za uchi zisisambae. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezwa alama ya kidijitali tu, ambayo Facebook, Instagram na TikTok wanaitumia kuinasa. Za akili mnemba pia wanapokea.

Jibu: Google nao wana fomu ya picha feki za uchi. Ila wanaiondoa kwenye matokeo ya utafutaji tu. Tovuti iliyoiweka ubanane nayo mwenyewe.

Jibu: Chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mie yaliponikuta, askari alitaka nimrushie picha WhatsApp. Nikagoma, akaiangalia kwenye simu yangu.

Muulizaji: Asanteni, fomu zote nimejaza. Mama mkwe nimemhesabia vidole, kacheka mpaka kakaa chini.