Tupeane uzoefu: unaangalia aina ya ndege kabla ya kukata tiketi?

Mama Mzigo
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, Dubai naenda mara tatu nne kwa mwaka kufuata mzigo. Safari iliyopita nimeshafunga mkanda, navuta ile kadi ya maelekezo kwenye mfuko wa kiti cha mbele, naona imeandikwa 737-8. Neno MAX, jina la zile Boeing zilizoanguka, halipo popote. Jirani yangu akacheka: "Dada, ndiyo hiyo hiyo, wameivua jina tu." Usingizi ukaniruka, hata chakula nikakirudisha. Nikafika salama salimini, lakini swali nimerudi nalo. Ndege mbili za aina hiyo zilianguka ndani ya miezi mitano, Indonesia na Ethiopia, watu 346 wakafa. Leo mnaiamini Boeing, kampuni inayoziunda? Nataka visa vyenu wenyewe, yaliyoandikwa magazetini nimeshasoma.

Dereva wa Embakasi
Naendesha teksi Nairobi. Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019 nilikuwa uwanja wa Jomo Kenyatta nimeshika karatasi yenye jina la mgeni anayetoka Addis Ababa, anakuja mkutano wa mazingira pale Gigiri. Jina nililiandika mwenyewe kwa kalamu nene. Ndege ilikuwa itue saa nne na kitu. Kufika saa tano, watu wameweka simu masikioni na hakuna anayeongea. Mama mmoja mwenye maua akaniuliza, "Kijana, yako inatoka wapi?" Nikamwambia Addis. Akasema, "Basi tungoje pamoja."

Tulingoja. Kumbe ilikaa hewani dakika sita tu. Wakenya walikuwa 32 humo, hakuna taifa lililopoteza watu wengi kuliko sisi. Ile karatasi ilikaa kwenye gari langu karibu mwaka mzima, kuitupa nilishindwa. Mkubwa wa Boeing walimwondoa Desemba mwaka huo huo, akaja mwingine, naye akaondoka. Mimi inanisaidia nini?

Mpita Njia
Siku yako ikifika hata bodaboda inatosha. Mimi naangalia bei tu. Basi la Mbeya naliogopa zaidi.

Mama Mzigo
Mkuu, basi la Mbeya ubovu wake nauona kwa macho, tairi kipara nashuka. Ndege nitaijulia wapi?

Fundi Spana
Hapo dada umegusa penyewe. Mimi ni fundi wa ndege ndogo, mwaka wa 14 sasa. Kazi yetu nusu ni spana, nusu ni kalamu. Kuna kampuni niliwahi kufanyia kazi, Ijumaa jioni bosi akaniletea fomu nisaini kazi ambayo sikuiona ikifanyika. Abiria wapo nje na mabegi. Nikaitoa kalamu, nikairudisha mfukoni. Ndege iliruka Jumamosi baada ya kukaguliwa upya, na mimi zamu zangu zikapungua mpaka nikaondoka mwenyewe.

Kwa hiyo ile ya Alaska Airlines ya Marekani, nayo MAX, Januari 2024, nimeisoma kwa jicho hilo. Kipande kinachoziba tundu la mlango kilichomoka angani, ni Mungu tu hakuna aliyekufa. Bolti 4 za kukishikilia hazikuwepo. Kiwandani kwa Boeing, Renton, walikifungua ili ribiti (vile vipini vya kuunganishia bati) zilizoharibika zitengenezwe, na karatasi ya kuonyesha kwamba kimefunguliwa haikupatikana. Watu wanashangaa bolti. Sisi mafundi tunashangaa karatasi.

Na zile mbili za mwanzo usiseme ni programu imekosea. Programu ya kusukuma pua chini ilikuwa inasikiliza kihisi kimoja tu, na kwenye vitabu vya marubani hawakuitaja mpaka ya Indonesia ilipoanguka. Kwa nini? Boeing walishamwahidi mteja mmoja mkubwa wa Marekani punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo marubani wake watahitaji mafunzo ya mashine ya kuigiza urukaji. Ukishaahidi hivyo, nani kiwandani atathubutu kusema mafunzo yanahitajika?

Wa Bujumbura
Mimi napitia Addis kila likizo. Hata iliporudi angani, niliikwepa hiyo ndege miaka mitatu, wakati mwingine nalala uwanjani kusubiri ya aina nyingine. Ethiopian wenyewe, waliozika watu wao, walishaanza kuirusha tena tangu Februari 2022. Mwishowe nikasema hawa wana uchungu kuliko mimi, kama wamekubali nami nakubali. Sasa napanda. Ila Fundi, hayo ya karatasi usingeyaandika leo, nina safari wiki ijayo!

Dereva wa Embakasi
Pole ndugu. Fundi, kaka, sema ukweli: mke wako unampandisha?

Fundi Spana
Nilimpandisha mwaka jana, alikuwa anakwenda kwa dada yake Dubai. Nikamsindikiza, nikamwambia narudi nyumbani. Sikurudi. Nilikaa kwenye maegesho mpaka alipotuma ujumbe kwamba wametua. Masaa matano na ushee. Yeye hadi leo hajui.