Mwenye nyumba wa vyumba tisa Gungu, Kigoma, kaondoka na rimoti ya LUKU (ya kuingizia tokeni za umeme) mfukoni!!!

Wakuu, simtaji jina. Mnamjua. Hata samaki migebuka wa mwalo wa Kibirizi wanamjua.

Saa mbili usiku huu uniti zimekata. Wapangaji wamechanga, tokeni imeingia kwenye simu, tarakimu zote 20 hizo hapo. Ziingizwe wapi? Rimoti iko mfuko wa shati lake, na yeye yuko mtaa wa Mwanga kwenye bao. Kapigiwa simu, jibu lake: "Umeme wangu, giza lenu." Kakata.

GIZA LENU!

Sikieni hesabu. Chumba cha taa, TV na pasi hakizidi uniti 15 kwa mwezi. Kingekuwa na mita yake kingekaa D1, daraja la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti, kama 122 ukiweka VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti). Yaani 1,830 tu. Lakini vyumba 9 vikinyonya mita moja ni uniti 135. Mkishavuka uniti 75 kwa mwezi mnahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti moja 356 na tozo zake, na chumba kile kile kinakula 5,340. Mwenye taa mbili analipa bei ya mwenye mafriji!

Na yeye anadai 10,000 kila chumba. Hiyo ni 90,000. Umeme wenyewe ni 48,060. Ukiuliza chenji anasema kodi ya jengo. Kodi ya jengo kwa nyumba isiyo ghorofa ni 1,500 kwa mwezi, inakatwa kwenye tokeni, tena ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Elfu 40 na ushee inabaki mfukoni. Mfuko ule ule wenye rimoti.

Barafu za ubuyu chumba namba 4 zimeanza kuvuja, maji mekundu yamefika mlangoni. Mtaji wa watu huo. Giza lenu!!

Mwandiga Juu: Azimeni rimoti ya aina hiyo hiyo. Wekeni betri, maana uniti zikiisha soketi hazina moto. Chomekeni kwenye soketi ya nyumba hiyo hiyo, ingizeni namba ya mita kwanza, ikishika ndipo muweke tokeni.

Mgebuka Mkavu: Vyumba tisa mmeshindwa kufunga submita? Fundi anaweka moja kila chumba, mnasoma tarehe 1, mnagawana. Kulialia tu.

Mleta uzi: Submita inagawa deni, haishushi bei! Mita kuu bado iko T1. Na fundi hagusi waya bila ruhusa ya yule yule wa GIZA LENU.

Binti Ujiji: Nyie afadhali mna chumba. Huku dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango, mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Chumba cha 40,000 unatoa 280,000 kabla hujanunua kitasa.

Kasia Moja: 280,000 mtu wa mtumbwi anaitoa wapi? 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15. Kodi za vyumba zilifungwa?

Binti Ujiji: Hazikufungwa. Na dagaa walipanda bei, mpaka leo kopo la sado la kupimia linajaa mchanga.

Kasia Moja: Mchanga ni wa waanikaji, msitusingizie wavuvi. Dagaa wakianikwa kwenye chanja za wavu wanapata hewa chini na juu, wanakauka upesi, hawana hata punje ya mchanga. Wakimwagwa ufukweni, mvua moja tu wanaoza na mchanga umeshawashika.

Mleta uzi: Wakuu, rimoti bado haijarudi.

Mwandiga Juu: Binti, hao wa mchanga unawaoshaje?

Binti Ujiji: Toa vichwa kwanza. Loweka maji ya vuguvugu, waopoe kwa mkono. Usimwage kwa kuinamisha sufuria, mchanga unawarudia. Maji mara tatu.

Mgebuka Mkavu: Mara nne kwa hawa wa sasa.