Naomba ushauri: kubadili flaiwili ya Hilux 3L mwenyewe nyumbani

Kijana wa Msamvu: Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux ya dizeli, injini 3L, gia za mkono. Mwezi sasa nikiachia klachi gari inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, hasa nikibeba mzigo. Asubuhi nyingine stata inakwaruza tu, haishiki. Nikiweka gia nikaisukuma hatua moja, nikipiga tena inawaka. Fundi kasema flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, imekwisha, ninunue nyingine. Gharama aliyotaja imenikalisha chini. Mimi si fundi, ila breki na beringi za magurudumu nafunga mwenyewe. Nina jeki, stendi mbili na shemeji. Niingie?

Mzee wa Dizeli: Hapo kwenye kuisukuma umejijibu mwenyewe. Injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama sehemu zilezile mbili, kwa hiyo stata inagonga meno yaleyale miaka nenda rudi. Kilichokwisha ni ringi ya meno iliyovishwa ukingoni mwa flaiwili, si lazima flaiwili yote. Ringi imebana tu. Inagongwa inatoka, mpya inapashwa moto mzunguko mzima hadi itanuke, unaidondosha mahali pake, unaiacha ipoe taratibu. Ole wako uimwagie maji, meno yatakatika kama biskuti. Na kabla ya kuitoa angalia meno yamelazwa upande gani.

Mama Spana: Shikamoo Mzee. Ringi sawa, lakini kutetemeka je? Mdogo wangu, lala chini uchungulie pale injini inapokutana na giaboksi. Kukiwa na oili ya injini inachuruzika, sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili, imekufa na klachi imelowa. Ukifunga flaiwili mpya ukaiacha sili hiyo, utarudi chini ya gari kabla hujanawa mikono. Uso wa flaiwili ukiwa na madoa ya bluu, peleka kwa wenye mashine ya kuchonga vyuma. Usijaribu grainda. Ila ukiona ufa umefika kwenye tundu la bolti, hiyo ni chuma chakavu.

Tairi Bovu: Mimi nasema mwachie fundi. Giaboksi ile si mzigo wa kupokelea kifuani.

Mzee wa Dizeli: Marahaba mwanangu. Tairi Bovu ana hoja. Kijana, azima stendi mbili zaidi na jeki ya giaboksi. Matofali sahau. Toa waya wa betri kwanza. Na giaboksi isining'inie kwenye shafti yake wakati wa kurudisha, itapinda klachi pleti, ile sahani inayobanwa kwenye flaiwili. Kuipanga pleti katikati, wengine tunachonga mti wa ufagio tunauzungushia tepu. Bolti za flaiwili unakaza kwa kuvuka upande kwa upande, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Kijana wa Msamvu: Mrejesho, wakuu. Imechukua Jumamosi mbili. Mama Spana ulisema kweli: sili ilikuwa ngumu kama plastiki, pleti imelowa chapa. Meno yameliwa sehemu mbili zinazotazamana, kwingine mazima kabisa! Nimebadili ringi, sili, pleti na rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Flaiwili imechongwa, nikaifuta kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Aibu yangu moja: nilifunga pleti kinyume, springi zimeelekea kwenye flaiwili. Shemeji, asiyejua hata kubadili plagi, ndiye aliyeuliza mbona inasuguana na vichwa vya bolti. Tukafungua tena kabla giaboksi haijapanda. Leo imewaka pigo la kwanza.

Mama Spana: Hongera, na shemeji mnunulie soda. Sasa wiki za mwanzo endesha kistaarabu, pleti na flaiwili vizoeane. Mizigo ya watu isubiri.