Mjadala: Gari la kifahari la magurudumu manne likizeeka, lawama ni za nani?

Naomba kuweka mezani swali ambalo limewagawa wapenzi wengi wa magari ya magurudumu manne, yaani yanayosukumwa na magurudumu yote manne, wenye nayo na wasio nayo: gari la kifahari la aina hii likishafikisha miaka 15 au 20 na likaanza kuharibika kila baada ya wiki chache, wa kulaumiwa ni nani? Wapo wanaosema magari hayo yalikuwa mabovu tangu yalipotoka kiwandani, na mtu mwenye akili timamu hapaswi kuyagusa. Wapo wanaowajibu kwamba gari halina kosa lolote. Kosa ni la mnunuzi aliyechukua gari la tajiri kwa fedha za mtu wa kawaida, kisha akataka kulihudumia kama gari dogo la kwendea kazini. Mimi nimekaa na gari moja la namna hiyo kwa miaka saba, nikiwa mtu wa tatu kulimiliki, na jibu la pili ninalikubali nusu. Nusu yake nyingine naipinga kwa nguvu zangu zote.

Ninachokubali ni kwamba bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki nayo. Mnunuzi wa mwisho hulipata gari kwa sehemu ndogo ya bei ya awali, ilhali kompresa, pampu au giaboksi atakayolazimika kuibadilisha ilitengenezwa kwa ajili ya gari la bei ile ya awali, na inauzwa hivyo hivyo. Asiyetenga akiba ya matengenezo kabla ya kulipia gari ataishia kuahirisha, na kuahirisha ndiko kunakoliua gari la aina hii, kwa sababu mifumo yake imefungamana kiasi kwamba kimoja kikichoka hukichosha na kingine.

Springi za hewa, yaani mifuko ya mpira ambayo kompresa huijaza hewa, zinalionyesha jambo hili waziwazi. Range Rover ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa na springi za koili za chuma, na springi ya chuma hata ikichoka hulegea taratibu, gari likaendelea kutembea. Mwaka 1992 springi za hewa zinazoongozwa na kompyuta ziliingia katika Range Rover, na baadaye watengenezaji wengine wa magari ya daraja hilo wakashika njia hiyo. Faida yake ni ya kweli na si haki kuibeza: gari hujiinua linapopita kwenye mawe na maji, hujishusha kwenye lami, na abiria hasikii mashimo. Lakini sasa uzito wa tani mbili na zaidi umebebwa na mpira, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Langu lilianza kwa kulala. Nikiliacha jioni limesimama sawa, asubuhi nilikuta kona ya nyuma kulia imeshuka hadi ukingo wa bodi umekaribia kugusa tairi. Nikiwasha injini, kompresa ilinguruma kwa dakika kadhaa, gari likapanda, nami nikaondoka nikijiambia kwamba jambo limekwisha. Nilifanya hivyo kwa miezi miwili. Kompresa ikafa, nikanunua nyingine, nayo haikumaliza miezi minne. Ndipo fundi mmoja mtu mzima aliponionyesha nilichopaswa kukiona tangu siku ya kwanza. Alikataa kuliinua gari kwa jeki, kwa maelezo kwamba ukiliinua mkunjo wa mpira hunyooka na ufa hujificha. Aliliacha lisimame kwa magurudumu yake, akaingiza mkono nyuma ya tairi na kunyunyiza maji ya sabuni kwenye mkunjo wa chini. Tukasubiri. Povu dogo likachomoza kwenye ufa usiozidi upana wa ukucha, likavimba, likapasuka, likavimba tena. “Mwanangu,” akaniambia, “kompresa haikuwa na ugonjwa. Ulikuwa unaituma kujaza gunia lililotoboka.”

Hapo kosa lilikuwa langu, na sina utetezi. Kuna makosa mengine ya jamii hiyo ambayo wamiliki tunayafanya: kuendelea na betri iliyochoka, ambayo huwasha taa za onyo za mifumo isiyo na kasoro yoyote kwa sababu kompyuta za gari hazivumilii umeme hafifu, au kuacha mifereji ya dirisha la paa izibe kwa majani na vumbi mpaka maji ya mvua yakashukia chini ya zulia, kwenye waya.

Hata hivyo, wanaoishia hapo wanamsamehe mtengenezaji mapema mno. Mmiliki hawezi kuitwa mzembe kwa jambo aliloelekezwa kulifanya. Kwa miaka mingi watengenezaji kadhaa wa magari ya kifahari walieleza kwamba mafuta ya giaboksi ya otomatiki ni ya maisha yote ya gari, hayana haja ya kubadilishwa, ilhali ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi zilizofungwa katika mengi ya magari hayo, inashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 kulingana na matumizi. Mmiliki wa kwanza akafuata maelekezo na hakuyagusa, wa pili hakuyagusa, na wa tatu ndiye anayelipokea gari linaloshtuka kila linapobadilisha gia. Vivyo hivyo kwa Porsche Cayenne za V8 (injini ya silinda nane) za toleo la kwanza, lililoingia sokoni mwaka 2002. Mabomba ya maji ya kupozea injini, yanayopita katikati ya safu mbili za silinda, mahali penye joto kali, yalikuwa ya plastiki. Yalipasuka, na tiba iliyozoeleka ikawa kuweka ya alumini. Mmiliki angeweza kuliosha na kulihudumia gari lake kwa tarehe zote zilizoandikwa, na plastiki ile ingekauka pale pale ilipowekwa.

Linaloniuma kuliko yote ni kompyuta. Baada ya springi yangu kubadilishwa, tuligundua kwamba kihisio kinachopima kimo cha gari kwenye kona ile ile nacho kilikuwa kimekufa. Kipya kilifungwa kwa boliti mbili, kazi ya dakika ishirini. Lakini gari halikukubali kusimama sawa mpaka kompyuta yake ielezwe upya kimo sahihi cha kila kona, na programu ya kufanya hivyo fundi wangu hakuwa nayo, na alipoiomba hakuuziwa. Mtu aliyeugundua ufa kwa chupa ya maji ya sabuni alisimama kando ya gari alilokwisha kulitengeneza, mikono yake imejaa grisi, akaniambia nitafute gari la kulivuta. Sijasahau uso wake.

Wapo walioliona tatizo hili wakachukua hatua. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2007 iliyodai taarifa za matengenezo ziwafikie mafundi huru, na mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wawape wamiliki na mafundi huru taarifa na zana za uchunguzi sawa na zile wanazowapa mawakala wao. Magari mengi tunayoyajadili hapa yalibuniwa kabla ya hapo, na yamesambaa katika nchi nyingi ambazo hazina sheria ya namna hiyo.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya madai haya: kwamba programu hizo zikiachwa wazi zitawarahisishia kazi wezi. Kwa upande wa funguo na mfumo unaozuia injini isiwake, hoja hiyo ina uzito na ninaiheshimu. Ila kimo cha springi si ufunguo, na hakuna mwizi aliyewahi kuondoka na gari kwa sababu kona yake ya nyuma imesimama sawa. Kwa hiyo nawaomba wanaoshikilia kwamba kosa lote ni la mnunuzi wanijibu kwa kisa hicho hicho: fundi anaujua ugonjwa, spea halali imelipiwa na imefungwa, mwenye gari ana fedha ya kazi mkononi, na gari bado limeinamia upande mmoja. Mzembe hapo ni nani?