Mrejesho: laptop iliyogoma kushika Wi-Fi baada ya apdeti

Wakuu, ile laptop ya Windows niliyoomba msaada hapa, iliyokuwa inaonyesha imeunganishwa Wi-Fi huku intaneti haipo, imepona. Asanteni.

Aliyesema nianze na ipconfig (amri ya kuonyesha anwani ya laptop kwenye mtandao, yaani IP) alilenga: anwani ilianza na 169.254, maana yake ruta haijaipa laptop IP, imejipa yenyewe. Simu kwenye ruta ileile ilipeta, na laptop ikichomekewa simu kwa waya wa USB ilipata intaneti. Basi ruta ni nzima, mfumo ni mzima. Mbovu ni draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi.

Nilijaribu amri za kurudisha mipangilio ya mtandao mwanzo, netsh winsock reset na netsh int ip reset, kisha kuwasha upya: hola.

Dawa ilikuwa Device Manager, Network adapters, kadi ya Wi-Fi, Properties, Driver, halafu kitufe cha Roll Back Driver, kinachorudisha draiva ya awali. Kikiwa kimefifia, draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Pakua ya modeli yako kwa simu kabla hujafuta iliyopo. Baada ya kuwasha upya, IP ikawa 192.168.1.7, na ping 8.8.8.8 (jaribio la kuifikia seva ya Google) ikajibu zote nne.

Apdeti nimezisimamisha wiki moja, zisije zikairudisha draiva ileile mbovu. Muuzaji wa Kariakoo, kadi mpya ya Wi-Fi sichukui tena.